Tulijue gonjwa la gari kabla ya kuliinua

Mama yangu mzazi, ambaye ana umri wa miaka 73, alikataa kuingia katika gari langu kwa muda wa miezi minne. Kila alipotakiwa kuja Nairobi kumwona daktari wa macho, alipanda matatu kutoka Naivasha, akajibana dirishani na kikapu chake mapajani, ilhali mwanawe mwenye shahada ya uzamifu na gari refu la viti saba alikuwa nyumbani akisahihisha mitihani. Majirani walilisema jambo hilo, nami sikuwa na la kuwajibu, kwa maana mama alikuwa na haki.

Kisa chenyewe kilitukia katika barabara iteremkayo kutoka Limuru hadi Mai Mahiu. Sikuwa nikienda kasi. Punda aliyekuwa akivuta mkokoteni wa maji aliingia barabarani ghafla kutoka kushoto. Nilikata usukani kulia ili nimkwepe, kisha nikaurudisha kushoto upesi nisije nikakutana uso kwa uso na lori lililokuwa likipanda. Gari lililala upande mmoja, likasita, kisha likalala upande wa pili kwa nguvu iliyoshinda ile ya kwanza, na sehemu ya nyuma ikapepesuka kama mlevi atafutaye mlango. Hatukupinduka. Nilipofaulu kulisimamisha kando ya barabara, watoto walikuwa kimya, na mama aliyekuwa ameshika kiti cha mbele kwa mikono yote miwili alisema maneno machache tu: "Mwanangu, gari lako ni refu, lakini halina miguu."

Msomaji atafahamu kwamba tangu siku hiyo sikuwa na neno jingine kichwani ila kulitafutia gari langu miguu.

Katika chumba cha walimu chuoni hakukosekana wataalamu. Mwenzangu wa idara ya historia alinishauri niliinue gari kwa sentimita tano, nitie springi nene na tairi pana zenye meno ya kukanyagia matope. Wa pili alikubaliana naye, akaongeza kwamba gari likiinuliwa huheshimika. Nilikwenda hadi kwa muuzaji mmoja wa vifaa hivyo, ambaye duka lake sitalitaja, naye akanitajia bei iliyokaribia mshahara wangu wa miezi miwili, huku akinihakikishia kwamba seti hiyo ingelifanya gari langu kuwa "gumu".

Neno hilo lilinikaa sikioni. Mimi ni mtu wa lugha, na riziki yangu hutokana na kuyatenganisha maneno ambayo wengine huyaona kuwa mamoja. Jiwe ni gumu, lakini jiwe likitupwa juu ya sakafu hudunda na kuruka lisikotarajiwa. Kitu kikiwa kigumu hakijawa kitulivu. Je, nilikuwa nikinunua ugumu au nilikuwa nikinunua utulivu? Muuzaji hakuwa na jibu, ila alinikumbusha kwamba bei ingepanda mwishoni mwa mwezi.

Jibu nililipata kwa fundi mmoja mzee mwenye gereji ya jua kali karibu na barabara ya Kirinyaga, ambayo mafundi wengi wangali wanaiita Grogan kwa jina lake la zama za mkoloni. Hakunitajia bei ya kitu chochote. Aliuliza swali moja: "Linafanyaje, Mwalimu?"

Nikamjibu kwamba linayumba.

"Kuyumba si kumoja," akasema. "Linalala, linadunda, linapepesuka au linainama?"

Nakiri kwamba nilitahayari. Hapa palikuwa na mtu asiyepata kuketi katika darasa la semantiki, naye alikuwa ameyapanga magonjwa ya gari kwa vitenzi, kila kitenzi na kiungo chake, ilhali mimi mwenye vyeti nilikuwa nimeyarundika yote katika neno moja, na kwa neno hilo moja nilikuwa karibu kuuziwa duka zima. Ama kwa hakika, hapo ndipo fedha za wenye magari marefu zinapopotelea. Tunanunua dawa kabla ya kulitaja gonjwa.

Tuanze na kudunda, kwa sababu ndiko kunakofahamika vibaya zaidi. Springi na shoki ni vitu viwili. Springi hubeba uzito na kuupokea mshtuko wa shimo. Lakini springi ikishabonyezwa hutaka kurudi, na ikisharudi hupita kiasi, ikabonyea tena, na ingeendelea hivyo kwa muda mrefu iwapo hapangekuwa na wa kuituliza. Shoki (ndugu zetu wa Tanzania huiita shokapu, na napenda jinsi lugha ilivyoyameza maneno mawili ya Kiingereza ikayafanya moja) ndiyo itulizayo. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na kwa njia hiyo nguvu za mtikisiko hugeuzwa kuwa joto. Shoki iliyochoka huiachilia springi icheze itakavyo. Tairi nayo huruka juu ya lami badala ya kuikanyaga, na tairi isiyoikanyaga lami haiwezi kupinda kona wala kufunga breki.

Sasa fikiri, msomaji, ni nini hutokea unapotia springi nene zilizokusudiwa gari lenye mzigo wa mamia ya kilo, ukaziunganisha na shoki zile zile zilizochoka, katika gari lisilobeba ila mke, watoto na kikapu cha mboga. Springi nene hurudi kwa nguvu zaidi, na mtulizaji hana nguvu za kuizuia. Hapo ndipo tunapouona ugumu usio na utulivu: gari linakutikisa meno, na bado linadunda.

Fundi alinionyesha jinsi ya kuzipima shoki. Alikibonyeza kila kipembe cha gari kwa uzito wa mwili wake, akakiachilia. Gari lenye afya hupanda mara moja na kutulia. Langu lilipanda, likashuka, likapanda tena. Alisema kwamba kipimo hicho ni cha juujuu, kwa hiyo akaingia chini kutazama kama mafuta yalikuwa yamevuja, kisha akaupitisha mkono juu ya tairi akitafuta mabonde yanayochongwa na gurudumu lirukaruka. Mafuta yalikuwa yamevuja katika shoki mbili za nyuma. Mabonde yalikuwako.

Kupepesuka, yaani gari kutangatanga katika barabara iliyonyooka hata dereva akawa anausahihisha usukani kila mara, mara nyingi hakutokani na springi wala shoki. Hutokana na bushi, zile pete za mpira zinazoviunganisha vyuma vya magurudumu na chesisi, na boljointi zilizolegea, na alaimenti iliyopotoka, na upepo wa tairi usiolingana na kile kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva ambacho wengi wetu hatujapata kukisoma. Bushi zangu za mikono ya nyuma zilikuwa zimepasuka kiasi cha kuingiza kidole. Nilimuuliza kuhusu zile za poliurethani zinazosifiwa sana. Akasema zinafaa, usukani hujibu upesi zaidi, lakini huleta kelele ndani ya gari na baadhi yake hulia zisipopakwa grisi. Kwa gari la kumbebea mama mgonjwa, mpira mpya wa kawaida ungetosha.

Kuinama, yaani pua ya gari kuzama unapofunga breki, aliligusia tu; ni shoki za mbele hizo hizo.

Kulala ndiko kulikotutia hofu Mai Mahiu. Kila gari hulala kidogo linapopinda kona, kwa kuwa uzito wake uko juu ya barabara na magurudumu yako chini. Kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa juu, na kadiri magurudumu ya kushoto na kulia yanavyokaribiana, ndivyo gari linavyokuwa jepesi kupinduka. Idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama barabarani ilianza kuyapa magari alama kwa hesabu hiyo kuanzia yale ya mwaka wa 2001: upana uliopo baina ya magurudumu hugawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Magari madogo mengi hupata kati ya 1.3 na 1.5, marefu, na maroli madogo pamoja nayo, hupata kati ya 1.0 na 1.3. Tuchukue mfano wa gari lenye upana wa sentimita 157 na kitovu kilicho sentimita 75 juu ya ardhi. Alama yake ni kama 1.05. Liinue hadi kitovu kifike sentimita 79, nayo alama itashuka chini kidogo ya 1.0. Mwenzangu wa historia alikuwa akinishauri nilipe mishahara miwili ili nilifanye gari langu kuwa jepesi zaidi kupinduka. Isitoshe, kuinua hubadilisha ile pembe inayoufanya usukani urudi katikati wenyewe baada ya kona, na usiporekebishwa, gari huanza kupepesuka hata kama halikuwa na ugonjwa huo hapo awali.

Wakubwa pia wamelipata somo hili kwa aibu. Mnamo Oktoba 1997, gazeti la magari la Uswidi liitwalo Teknikens Värld lililijaribu gari jipya la Mercedes-Benz la aina ya A kwa zoezi lile lile lililonipata mimi: kukwepa kwa ghafla kana kwamba mnyama ameingia barabarani, kisha kurudi upande wako. Gari lilipinduka. Kampuni ilibadilisha mfumo wa kulibeba gari hilo na ikatia kifaa cha kielektroniki cha kulidhibiti lisiteleze. Hakuna aliyependekeza liinuliwe.

Dawa ya kulala, ikiwa shoki na bushi zimeshatengenezwa, ni stabilaiza: ule upau wa chuma unaoliunganisha gurudumu la kushoto na la kulia, hata upande mmoja ukitaka kulala, upau ukausokota na kuuvuta urudi. Aghalabu upau wenyewe ni mzima, na viunganishi vyake vidogo ndivyo vilivyokufa. Viunganishi hivyo ni miongoni mwa vifaa rahisi kabisa katika gari zima. Anayetaka zaidi anaweza kununua upau mnene, lakini awe mwangalifu. Ukinenepesha wa nyuma peke yake, sehemu ya nyuma huanza kuteleza katika kona kabla ya mbele, na dereva wa kawaida hajui la kufanya hapo.

Sisemi kwamba kuinua gari ni kosa kwa kila mtu. Anayefanya kazi Marsabit au Turkana, ambaye njia yake ni mito mikavu na mawe, ana sababu zake. Mimi njia yangu ni Nairobi na Naivasha, lami mwanzo hadi mwisho.

Basi nilinunua shoki nne mpya za gesi zilizotengenezewa barabara ya kawaida. Nilikataa zile za eks-Japani zilizokuwa bei nafuu, kwa kuwa shoki iliyotolewa katika gari kuukuu ina umri wa gari lenyewe. Tulitia bushi, viunganishi vya stabilaiza mbele na nyuma, na tairi nne za lami badala ya zile za matope nilizolikuta gari likivaa. Springi za zamani tulizipima kimo, kushoto na kulia, zikaonekana hazijazama, tukaziacha. Kichanja cha mizigo kilichokuwa juu ya paa nilikivua mwenyewe kwa spana, bila gharama. Alaimenti ilifanywa mwisho, baada ya vyote. Jumla haikufika nusu ya bei ya kuliinua.

Mama hakushawishika kwa maelezo yangu. Alimtaka fundi mwenyewe, akaletwa Naivasha kwa gari hilo hilo, wakazungumza nje kwa muda mrefu wasinihusishe. Mwezi uliopita alikubali kurudi nami kutoka hospitali. Aliketi mbele, mkono wake wa kushoto ukiwa umeshika mpini wa mlangoni tangu Limuru. Kabla hatujalifikia lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano mwaka 1942, niligeuka nikaona mkono umeanguka mapajani na mama amesinzia. Hata hivyo, nilipunguza mwendo.