Msikiti na Soko: Funzo Kutoka Chicago
Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina hakujenga msikiti tu, bali aliwatengea Waislamu soko lao. Mfano wake tunauona Englewood, mtaa wa Chicago, Marekani, ulioandamwa na umaskini na nyumba zilizotelekezwa. IMAN, taasisi ya Waislamu iliyoasisiwa mwaka 1997, ilishikana mikono na jumuiya za wakazi zisizo za Kiislamu. Mwaka 2022 likafunguliwa duka la vyakula kwenye makutano ya barabara ya 63 na Racine. Vilevile, taasisi hiyo imewafundisha ujenzi watu waliotoka gerezani kwa kukarabati nyumba mbovu.

Ndugu Waislamu, jirani asiye wa dini yetu naye ana haki juu yetu. Tuanze naye. Wabillahi tawfiq.