Mita 149 za Akerselva

Mto Akerselva una urefu wa kilomita 8 na ushei, na wote umo ndani ya Oslo, mji mkuu wa Norwe. Unatoka ziwa Maridalsvannet, kaskazini mwa jiji, na kuishia kwenye hori la Oslo. Kwa urefu si kitu. Lakini ziwa hilo liko mita 149 juu ya usawa wa bahari, na maji huteremka kimo chote hicho katika mwendo huo mfupi, poromoko baada ya poromoko.

Mwenye kiwanda wa karne ya 19 alitazama mteremko huo kwanza. Nguvu ya maji haitokani na wingi wake peke yake; hutokana pia na kimo yanachoanguka. Mto mpana wa tambarare waweza kupita bila kuzungusha chochote, ilhali hapa maji yale yale yaliendesha gurudumu moja, kisha la pili, kisha la tatu, kabla ya kufika pwani. Ziwa nalo lilikuwa akiba ya kiangazi.

Mbao zilipasuliwa kando ya mto huo kwa karne kadhaa. Mambo yalibadilika baada ya 1843, Uingereza ilipoacha kuzuia mashine zake za nguo zisiuzwe nje. Mwaka 1845 ikaanzishwa Nydalens Compagnie, ya kusokota pamba. Mwaka 1855 kikaja Hjula, kiwanda cha kufuma vitambaa, na mwaka uliofuata kiwanda cha turubai za matanga. Pamba haioti Norwe hata kidogo. Ilivushwa bahari kwa kuwa nguvu ya kuisokota ilikuwa huku.

Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake. Vitabu vya historia hupenda kutaja wenye mali, lakini pale Beierbrua, daraja dogo karibu na Hjula, waliosimamishiwa sanamu ni mabinti wa kiwandani, kazi ya mchongaji Ellen Jacobsen ya mwaka 1986. Mto wenyewe ukawa mpaka: wavuja jasho mashariki, wenye nazo magharibi. Hadi leo, mtu wa Oslo akikutajia upande anakoishi, ni kama amekuonyesha na mfuko wake.

Viwanda vilifungwa katika karne ya 20. Ghala refu la nafaka la Grünerløkka, mtaa ulio kando ya mto, limekuwa bweni la wanafunzi tangu 2001, lenye vyumba vya kuta za mviringo.

Siku hizi ziwa ndilo lenye kazi kubwa: hutoa takriban asilimia 90 ya maji ya kunywa ya Oslo, ndiyo maana kuogelea humo ni marufuku. Ukaribu wa mitambo ya maji ya kunywa na mto una hatari zake. Machi 2011 dawa ya klorini ilivuja kutoka mtambo wa kusafishia maji wa Oset, ikaua samaki mtoni, wakiwemo samoni waliokuwa wameanza kurudi baada ya uchafu wa viwanda kupungua. Na samoni apandaye kutoka baharini ana kikwazo kingine: karibu na kituo kikuu cha reli mto hupitishwa chini ya ardhi, na hana njia nyingine ya kufikia maporomoko.