Tiara, Ubao na Uwanja wa Nyasi: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayeanza Mchezo wa Kuvutwa na Upepo Nchi Kavu

Wakazi wa Paje na Jambiani, katika pwani ya kusini mashariki mwa Unguja, wamekwisha kuzoea kuona matiara makubwa ya rangi yakiwavuta wachezaji juu ya maji. Mchezo huo una ndugu yake wa nchi kavu, ambaye bado hajulikani sana hapa nchini. Katika mchezo huu, mtu husimama juu ya ubao wenye magurudumu manne ya mpira yaliyojazwa upepo, miguu ikiwa imeshikwa na mikanda, kisha huvutwa na tiara katika uwanja wa nyasi au ufukwe mgumu. Umeenea zaidi katika nchi za Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na New Zealand. Hauhitaji bahari wala ujuzi wa kuogelea, na ndiyo maana huwavutia watu wanaoishi mbali na pwani. Hata hivyo, anayeanguka majini hupokewa na maji, ilhali anayeanguka uwanjani hupokewa na ardhi. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua namna ya kuanza.

Wazo la kutumia tiara kuvuta chombo cha magurudumu si geni. Mwaka 1826, George Pocock, mwalimu wa shule katika mji wa Bristol nchini Uingereza, alipata hataza ya gari lililovutwa na matiara mawili badala ya farasi. Husimuliwa kuwa wakati huo ushuru wa barabara ulitozwa kwa kuhesabu farasi, hivyo gari lake lilipita vizuizini bila kulipa chochote. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Peter Lynn wa New Zealand alikieneza kigari cha magurudumu matatu kinachovutwa na tiara, na katika muongo huohuo ubao wa magurudumu makubwa, uliobuniwa kwa ajili ya kuteremkia vilima, ukaunganishwa na tiara.

Jambo la kwanza ambalo anayeanza anapaswa kulielewa ni upepo wenyewe, hasa namna nguvu yake inavyoongezeka. Ukubwa wa tiara ukizidishwa mara mbili, mvuto wake huongezeka takribani mara mbili. Kasi ya upepo ikizidishwa mara mbili, mvuto huongezeka mara nne. Kwa maana hiyo, tiara la mita 2 za mraba katika upepo wa kilomita 40 kwa saa huvuta sawa na tiara la mita 8 za mraba katika upepo wa kilomita 20 kwa saa. Wengi walioumia katika mchezo huu hawakuwa wazembe. Walianza na upepo waliouweza, upepo ukapanda, nao wakaendelea.

Wananchi wanaofuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania wanazifahamu tahadhari za upepo mkali unaofikia au kuzidi kilomita 40 kwa saa katika ukanda wa pwani. Tahadhari hizo hutolewa zaidi kwa kuwazingatia wavuvi na watumiaji wengine wa bahari, lakini kwa mchezaji wa tiara zina maana moja tu: siku hiyo tiara libaki kwenye mkoba. Upepo unaomfaa anayeanza ni wa kilomita 15 hadi 25 kwa saa, unaovuma kwa utulivu. Ikumbukwe pia kuwa kasi ya upepo inayotajwa katika utabiri kwa kawaida ni ile ya mita 10 juu ya ardhi, ilhali tiara lenye kamba za mita 20 au 25 hupaa juu zaidi ya hapo, ambako upepo huwa na nguvu kuliko ule unaosikika usoni mwa mtu aliyesimama uwanjani.

Kwa pwani ya Afrika Mashariki, upepo wa kusi, unaotawala kuanzia Juni hadi Septemba, ndio unaofaa zaidi kwa mchezo wa nyasi. Huvuma kwa mfululizo, na mvua za masika huwa zimekwisha, hivyo nyasi hazitelezi na zinaweza kukatwa fupi. Kaskazi, kati ya Desemba na Machi, nayo hufaa. Nyasi ndefu zina kasoro mbili: hupunguza mwendo wa magurudumu, na huficha mashimo, mawe na vigingi vya mbuzi. Kwa sababu hiyo uwanja hukaguliwa kwa miguu, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kabla ya tiara kufunguliwa. Wapo wanaoliona zoezi hilo kuwa la kupoteza muda. Anayeona hivyo hajawahi kuona gurudumu la mbele likiingia shimoni.

Uwanja wa kawaida wa mpira wa miguu unatosha kujifunza kurusha tiara, mradi haukuzungukwa na miti au majengo upande unaotoka upepo. Upepo uliopita juu ya mwembe au paa la darasa hufika ukiwa umevurugika. Mara hukatika, mara huja kwa kishindo, na hali hiyo huendelea kwa umbali ulio mara nyingi zaidi ya kimo cha kizuizi chenyewe. Kwa kupanda ubao, eneo kubwa zaidi lahitajika, nalo lisiwe na watu upande unaoelekea upepo. Nyaya za umeme zikionekana karibu, uwanja huo haufai hata kidogo. Tiara likinasa kwenye nyaya, mchezaji anapaswa kuachia mara moja, kuwazuia wengine wasisogee na kulitaarifu shirika la umeme, yaani TANESCO kwa Tanzania Bara au ZECO kwa Zanzibar. Kupanda nguzo au kuvuta kamba ni kuhatarisha maisha kwa ajili ya kipande cha kitambaa.

Tiara la kujifunzia kwa mtu mzima huwa na ukubwa wa mita 2 hadi 3 za mraba, lenye mifuko inayojazwa na hewa, kamba nne na vishikio viwili. Kamba mbili za juu hubeba mvuto na mbili za chini ni za breki. Kila kiganja hufungwa mkanda wa usalama uliounganishwa na kamba za breki, ili mchezaji akiachia vishikio tiara lipoteze nguvu na kuanguka bila kwenda mbali. Kabla ya kununua tiara lililotumika, mikanda hiyo ndiyo ikaguliwe kwanza, rangi baadaye. Kamba zenyewe ni nyembamba na imara sana. Zikikaza hukata ngozi kama wembe, kwa hiyo hazishikwi kwa mkono mtupu wala hazizungushwi vidoleni. Kofia ngumu, pedi za magoti na viwiko, na vikinga viganja si vya hiari.

Mafunzo huanza kwa kutenganisha tiara na ubao. Siku za mwanzo ni za tiara peke yake, mchezaji akiwa amesimama na mgongo wake ukielekea upepo unakotoka. Mbele yake kuna eneo linalofanana na nusu ya kuba. Tiara likiwa pembezoni mwa kuba hilo, au juu kabisa ya kichwa, huvuta kidogo. Likipita katikati, huvuta kwa nguvu zote, na likipita kwa kasi hujitengenezea upepo wake na kuvuta zaidi. Vitabu vya kigeni huelezea nafasi hizo kwa namba za uso wa saa, na hapo msomaji wa Kiswahili hana budi kuwa makini: wanapoandika 12, maana yake ni juu kabisa, yaani mahali pa saa sita yetu. Mwalimu na mwanafunzi wakubaliane mapema watumie hesabu ipi, kwa sababu amri iliyoeleweka vibaya hulipeleka tiara katikati ya upepo.

Ubao nao hujaribiwa bila tiara, kwenye mteremko mdogo wa nyasi, mpaka kugeuza na kusimama kuwe jambo la kawaida. Baada ya hapo ndipo viwili hivyo huunganishwa. Mchezaji hulipeleka tiara juu ya kichwa, huketi chini na kuingiza miguu kwenye mikanda, ubao ukiwa umeukingama upepo. Kisha hulishusha tiara taratibu upande anaotaka kwenda. Mvuto humwinua, naye huegemea nyuma, uzito ukiwa kwenye visigino. Kusimama ni kinyume chake: tiara hurudishwa juu, na ubao huelekezwa polepole upande unakotoka upepo hadi mwendo uishe. Anayejifunza kuondoka kabla ya kujifunza kusimama ameanza mwisho.

Suala la anga nalo lina uzito. Nchini Uingereza, tiara haliruhusiwi kupaa zaidi ya mita 60 bila kibali, na katika eneo la trafiki la kiwanja cha ndege kikomo ni mita 30. Kwa hapa nchini, ambako viwanja vya ndege vidogo mara nyingi hupakana na maeneo ya wazi yenye nyasi, anayekusudia kurusha tiara karibu na kiwanja cha ndege anashauriwa kwanza kuulizia kwa uongozi wa kiwanja hicho au Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kwa uwanja wa shule au wa kijiji, idhini ya mwalimu mkuu au serikali ya kijiji itafutwe kabla, na watoto watakaokuja kutazama, maana hawatakosekana, wapangiwe mahali pa kukaa upande unakotoka upepo, nyuma ya mchezaji.