Jicho la Mlangoni: Kamera ya Ulinzi kwa Nyumba ya Kawaida

Korosho zinapoanza kudondoka, kuanzia Septemba hivi, nyumba nyingi za Newala na Masasi hugeuka ghala. Magunia hupangwa sebuleni, mengine chumbani kwa watoto, yakingoja kukauka vizuri kabla ya kupelekwa chama cha msingi. Katika minada ya Oktoba 2024 bei ya korosho ghafi ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Gunia moja la kilo 80 lilikuwa na thamani ya zaidi ya shilingi 320,000, na mwizi wa gunia hahitaji gari, baiskeli inamtosha. Akishafika kwa mnunuzi wa kangomba, nani atamwuliza korosho alizitoa wapi?

Majira hayo ndiyo ambayo akina mama wengi huwa peke yao usiku. Baba yuko Mtwara au Dar es Salaam kikazi, au analala shambani kulinda mikorosho. Mchana nako mama ana safari zake: shamba, kliniki, na huku juu Newala safari ya maji, shida ya miaka mingi ambayo kila binti wa uwanda huu ameikuta. Nyumba inabaki na mtoto wa darasa la pili. Basi si ajabu kwamba kamera za ulinzi, ambazo zamani tuliziona benki tu, sasa zinazungumzwa hata katika vikundi vya akina mama kanisani. Zinauzwa kwa bei mbalimbali, na wapo waliozinunua wakajuta. Mpenzi msomaji, tukae tulizungumze jambo hili kabla fedha haijatoka mkobani.

Kwanza tuseme jambo ambalo wengi hawalijui. Aliyebuni mfumo wa kwanza wa kulinda nyumba kwa kamera alikuwa mama mwenye ndoa. Jina lake ni Marie Van Brittan Brown, nesi Mmarekani mweusi wa Queens, New York. Saa zake za kazi hazikuwa za kawaida, mara nyingi alikuwa nyumbani peke yake, na polisi wa mtaa wao walichelewa kufika walipoitwa. Akishirikiana na mumewe Albert, aliomba hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1966, wakaipata Desemba 1969. Kamera ilichungulia nje kupitia matundu ya mlangoni, picha ikaonekana kwenye televisheni ndani, na mama akiwa kitandani aliweza kuzungumza na aliye nje au kubonyeza kitufe cha kuomba msaada. Kwa hiyo fundi akija kwako na kusema, "Mwite baba nimweleze," mwambie akueleze wewe.

Hata hivyo hatutamshauri mtu yeyote kuanza na kamera. Kamera haifungi mlango. Mlango wa mbao laini wenye komeo moja, dirisha lisilo na nondo, ua wenye kichaka kilichofika dirishani: hayo yatangulie. Taa ya nje inayowaka yenyewe mtu anapopita ni rahisi kuliko kamera yoyote, na kibaka wa kawaida huiogopa zaidi, kwa sababu jirani naye anaona. Na jirani mwema hana bei. Tunaijua Zaburi ya 127 juu ya mlinzi na mji. Lakini hatujasikia mchungaji aliyeifundisha kuwa ni ruhusa ya kulala bila kufunga komeo.

Sasa tuje kwenye kamera zenyewe. Ile ambayo mafundi hupenda kuuza ni seti ya kamera nne na rekoda yake, zilizounganishwa kwa waya. Ni nzuri kwa duka, nyumba ya wageni au nyumba kubwa. Inarekodi mchana na usiku bila kuhitaji intaneti, na fundi wa Masasi au Mtwara anaijua. Gharama yake ni laki kadhaa pamoja na ufundi. Tatizo lake ni mbili. Inakula umeme kila saa: rekoda na kamera nne huweza kumaliza karibu uniti moja kwa siku, yaani uniti 25 au 30 kwa mwezi. Mama anayenunua Luku kwa bei nafuu ya wateja wa matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, afanye hesabu hiyo vizuri, maana kamera zinaweza kumtoa kwenye kundi hilo bila yeye kujua sababu. La pili, umeme ukikatika nayo inakufa, isipokuwa una betri. Na sote tunajua wezi hufurahia giza gani.

Ipo kamera ndogo ya Wi-Fi ya kuchomeka ukutani, inayouzwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi. Kama nyumbani huna Wi-Fi, usivutwe na bei yake.

Kwa nyumba nyingi za huku tunaona inayofaa ni ile ya sola yenye betri ndani na nafasi ya laini ya simu. Haitegemei umeme wa nyumba. Hulala, kisha huamka mtu anapopita mbele yake, ikarekodi na kutuma taarifa kwenye simu yako. Lakini nayo ina masharti yake. Kabla ya kununua, simama pale inapotarajiwa kufungwa ukiwa na simu yako, uangalie kama mtandao wa 4G unashika. Nyumba zilizo ukingoni mwa uwanda, kule kunakotazama bonde la Ruvuma, na zilizo nyuma ya vilima vya mawe vya Masasi, zinaweza kupata mtandao upande mmoja wa ua na kukosa upande wa pili. Kuhusu bando, kuitazama moja kwa moja kwa saa nzima kunaweza kula karibu gigabaiti moja. Usiifanye sinema. Acha ikutumie taarifa, kisha ufungue pale panapohitajika.

Na ukungu! Mtu wa Dar es Salaam akikuuzia kamera ya sola hataufikiria ukungu wa Newala. Miezi ya baridi, Juni na Julai, jua huweza kuchelewa hadi karibu adhuhuri. Chagua yenye bamba la sola kubwa kiasi, linalotenganishwa na kamera, ili kamera ikae kivulini na bamba lipande juu ya bati. Usiku wa ukungu mwanga wa kamera hurudi na kuifanya picha kuwa nyeupe tupu. Utando wa buibui hufanya vivyo hivyo, hivyo mpe kijana wako kazi ya kufuta kioo kila wiki kwa kitambaa laini. Vumbi letu jekundu halina msamaha.

Juu ya kumbukumbu, kamera ya megapikseli 2 inayorekodi mfululizo huweza kutumia gigabaiti 15 hadi 20 kwa siku. Kadi ya gigabaiti 64 itajaa kwa siku tatu au nne, kisha ianze kufuta za zamani. Ile inayoamka mtu anapopita hukaa na picha muda mrefu zaidi. Ifungwe juu, mahali ambapo mwizi hafiki bila ngazi, kwa sababu akiing'oa ameondoka na kadi. Kama una rekoda, isikae chini ya televisheni. Ifiche.

Wapi ielekezwe? Hapa tunaomba usikivu. Nyumba zetu nyingi zina bafu na choo uani, na ukuta wa jirani uko hatua chache. Kamera isione bafu, isione mlango wa jirani, wala chumba anacholala dada wa kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imetukumbusha kwamba taarifa za mtu ni mali yake. Lakini hata bila sheria, ni nani kati yetu angependa kuoga mbele ya simu ya mtu mwingine? Mweleze dada wa kazi kamera iko wapi na inaona nini. Mweleze jirani pia. Akijua inaonyesha mlango wako na magunia yako tu, huenda akafurahi.

Fundi akishamaliza, badilisha neno la siri papo hapo, yeye akiwa ameondoka. Mwaka 2016 wahalifu waliteka kamera na rekoda nyingi sana duniani kwa kutumia maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Na neno hilo walijue wote wawili, mume na mke. Kamera ambayo baba anaitazama akiwa mbali ili kujua mama ametoka saa ngapi na amezungumza na nani haijalinda nyumba. Imeingiza mashaka ndani yake. Kubalianeni mapema inaona nini na nani anaitazama.

Liko jambo zito kuliko yote hayo. Siku moja kamera itaonyesha mtu uani saa nane usiku, uso haueleweki, kofia imeshuka. Asubuhi kuna mtu atasema, "Ni yule kijana wa mama fulani." Usiitume picha ile kwenye kundi la WhatsApp. Tunajua yanayofuata nchini kwetu pale neno "mwizi" linapopigwa kelele: mawe, tairi, na mama mwingine anayeletewa maiti ya mwanawe. Picha ya usiku hudanganya. Urefu, rangi ya shati, hata umri. Ihifadhi, usiikate wala kuihariri, andika tarehe na saa, kisha uipeleke kituo cha polisi ukiongozana na mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ushahidi wa namna hiyo hupokelewa mahakamani, na picha iliyopita simu za watu hamsini si sawa na ile iliyotoka kwenye kadi yenyewe.

Wakati wa kununua ni Agosti, kabla ya korosho, kwa fedha uliyoiweka kando msimu uliopita au zamu yako ya upatu. Kamera moja nzuri ielekezwe kwenye mlango ambao mwizi angeupenda. Ya pili itafuata mwakani. Dukani watakuonyesha picha ya mchana yenye kung'aa. Waombe wazime taa, wafunge mlango, mmoja wao asimame hatua kumi mbele ya kamera, halafu utazame kama unamtambua.