Kupima Nguvu ya Kisima cha Gesi (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi gesi inavyofungiwa ndani ya vitundu vya mwamba. Kisima kikishachimbwa, swali ni moja: kitatoa kiasi gani kwa siku?

Zamani, Marekani, kisima kilifunguliwa wazi kabisa na kasi ya gesi ikapimwa mdomoni. Gesi nyingi ilipotea hewani, na maji ya chini yalivutwa juu hata kipimo chenyewe kikaharibu visima. Mwaka 1935 Rawlins na Schellhardt, wa Ofisi ya Migodi ya nchi hiyo, walichapisha njia ya kupima bila hasara hiyo.

Kwanza kisima hufungwa na mgandamizo wa mwamba kupimwa. Kisha valvu hufunguliwa kidogo. Mtiririko ukitulia, huandikwa pamoja na mgandamizo wa chini kisimani. Hatua hiyo hurudiwa, kwa kawaida mara 4, kila mara valvu ikiachiwa zaidi. Waligundua kuwa mtiririko hufuata tofauti ya miraba ya migandamizo hiyo miwili, ikipandishwa kwa kipeo cha kati ya 0.5 na 1. Gesi ikipita kwa utulivu, kipeo ni 1. Ikisukumana kwa msukosuko karibu na kisima, hushuka kuelekea 0.5.

Kipeo hicho si jambo dogo. Tuseme mwamba una paundi 2,000 kwa inchi ya mraba, na kisima kikitoa futi za ujazo milioni 10 kwa siku mgandamizo wa chini unabaki 1,800. Kwa kipeo 1, kisima kikiachwa wazi kingetoa takribani milioni 53, kwa 0.5, milioni 23 tu. Kipimo ni kilekile, majibu yamepishana zaidi ya maradufu! Ndiyo maana sikubali sifa ya kisima kilichopimwa kwa hatua moja.

Katika miamba inayopitisha gesi kwa shida, mtiririko huchukua muda mrefu mno kutulia. Kwa hiyo mwaka 1955 mtaalamu wa gesi, Cullender, alipendekeza kisima kifunguliwe kwa vipindi vilivyo sawa, na kila baada ya kipindi kifungwe hadi mgandamizo urudi.

Kwa hiyo msomaji anayefuatilia habari za gesi ya Songo Songo au Mnazi Bay, Tanzania, akisikia kisima kipya kina uwezo wa mamilioni kadhaa, aulize: huo ni mtiririko uliopimwa, au ni wa hesabu ya kisima kilicho wazi? Huo wa pili hutumika kulinganisha visima. Uzalishaji wa kila siku huwekwa chini yake sana. Tena mtiririko huo wa hesabu hauelezi akiba iliyobaki ardhini. Mgandamizo wa mwamba hushuka kadiri gesi inavyotolewa, hivyo kipimo hurudiwa katika maisha yote ya kisima.