Kijana na Maganda ya Kauri

Wazazi wenzetu hapa Uingereza wamekuwa wakituuliza: kijana wa miaka 16 au 17 akiomba avishwe yale maganda meupe ya kauri, yaitwayo vinia, je, akubaliwe? Rai yetu ni kwamba asubiri, na sababu zimo ndani ya jino lenyewe.

Ganda hilo ni jembamba, aghalabu nusu milimita hivi, nalo hugandishwa mbele ya jino kwa gundi maalumu. Katika miaka ya 1930 daktari Charles Pincus aliwabandikia waigizaji wa Hollywood maganda ya muda tu, wakayavua baada ya kupigwa picha. Ya leo hayavuliwi. Mara nyingi daktari husugua kwanza enameli, yaani gamba gumu la nje ya jino, na enameli ikishaondoka haioti tena. Kauri nayo huchakaa. Baada ya miaka 10, pengine 15, huhitaji kubadilishwa. Tufanye hesabu, maana ualimu haututoki: aliyeanza na miaka 17 akajaaliwa kufika 70 atayabadilisha mara 3 hadi 5. Kwa fedha ya nani?

Isitoshe, jino la kijana halijakomaa. Kiini chake, penye mishipa ya damu na neva, bado ni kipana. Kulisugua ni kukikaribia, na kikidhurika jino huweza kufa. Ufizi nao huendelea kujivuta taratibu mpaka mwishoni mwa ujana, hata ukingo wa ganda uliofichika leo ukaja kuonekana.

Wako wanaosafiri hadi Uturuki kwa bei nafuu, na baadhi yao husagwa meno pande zote yakabaki vijiti, kisha yakavikwa vifuniko vizima. Kwa meno yasiyo na ugonjwa, huo ni uharibifu.

Lakini tusiwadharau vijana. Wako waliokulia Arusha na Meru, ambako maji ya sehemu nyingi yana floraidi kupita kiasi. Waliyanywa wakati meno yakiumbika ndani ya taya, yakaota na madoa ya kahawia. Kule hakuna anayeshangaa. Darasani hapa mtoto huziba mdomo kwa kiganja anapocheka. Huyo hatafuti pambo la bure. Hata hivyo yako ya kuanzia: doa la juujuu huweza kupunguzwa kwa msuguo mdogo wa dawa, na ncha iliyovunjika hujengwa kwa ujazo mweupe bila kukata jino, au kwa kulikata kidogo sana. Meno yaliyopinda yataka nyaya, si kauri. Ama kung'arisha kwa dawa kwa ajili ya urembo tu, sheria ya hapa hairuhusu kwa aliye chini ya miaka 18.

Katika dini, Hadithi ya Ibn Mas'ud inawalaani wanaoachanisha meno kwa urembo, na Arfaja bin As'ad, aliyepoteza pua vitani, aliruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kuvaa ya dhahabu. Mwenye shaka amweleze shekhe wake hali halisi ya jino, kwani kasoro na pambo ni mambo mawili.

Hapa England matibabu ya meno ya NHS ni bure kwa walio chini ya miaka 18, na chini ya 19 kwa wanaosoma muda wote, urembo haumo. Basi mpelekeni kijana angali na haki hiyo, mkaulize: enameli kiasi gani itaondolewa, na je, tukiliacha jino hivi lilivyo kwa miaka 5, litadhurika?