Dodoma

Dodoma ni jiji lililoko katikati ya Tanzania. Ni makao makuu ya Mkoa wa Dodoma na pia makao makuu ya nchi. Liko kwenye uwanda wa juu wenye mwinuko wa takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, umbali wa km 450 hivi kwa barabara kutoka Dar es Salaam. Katika sensa ya mwaka 2012 lilikuwa na wakazi 410,956. Katika sensa ya mwaka 2022 walihesabiwa 765,179.

Jina

Jina husemekana limetokana na neno la Kigogo "idodomya", maana yake "imezama". Masimulizi ya wenyeji hueleza kuhusu tembo aliyekwenda kunywa maji kijitoni akazama matopeni.

Hali ya hewa

Dodoma iko katika ukanda wa nusu ukame. Kwa wastani hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba kwa kawaida hakuna mvua, na mito mingi hubaki mchanga mtupu. Kwa sababu hiyo wakulima hutegemea mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame, pamoja na ufugaji. Zabibu hustawi pia na huvunwa mara mbili kwa mwaka.

Historia

Wenyeji wa eneo hili ni Wagogo. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, na watawala wa huko walitoza hongo kabla ya kuwaruhusu wasafiri kupita na kuteka maji. Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukakua kando ya stesheni.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia majeshi yalichukua nafaka, mifugo na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua ziliposhindwa, watu hawakuwa na akiba. Njaa iliyofuata, kati ya miaka 1917 na 1920, inakumbukwa na Wagogo kwa jina la Mtunya.

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamishwe kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Kazi ilienda polepole. Bunge lilihamia mwaka 1996, Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na serikali ilianza kuhamia kwa wingi mwaka 2016. Dodoma ilitangazwa kuwa jiji tarehe 26 Aprili 2018.

Maji

Hakuna mto mkubwa wala ziwa karibu na jiji. Sehemu kubwa ya maji ya bomba hutoka chini ya ardhi, kwenye visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji. Maji yamepigwa pampu huko tangu miaka ya 1950, na vipimo vya kina chake vimewekwa kwa miongo kadhaa.

Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba bonde halijazwi kila mwaka. Katika msimu wa kawaida maji ya mvua huvukizwa na jua au hufyonzwa na mimea kabla ya kufika chini. Bonde hujazwa hasa katika misimu michache ya mvua kubwa, ambayo mara nyingi huja pamoja na El Niño. Mvua za 1997/98 ziliinua sana kina cha maji kilichokuwa kimeshuka.

Maana yake ni kwamba jiji hunywa akiba ya mvua za miaka iliyopita. Wastani wa mvua peke yake hauonyeshi kama maji yatatosha: inabidi kujua pia ni muda gani umepita tangu bonde lijazwe, na ni kiasi gani kimetolewa tangu hapo. Idadi ya watu inapoongezeka, akiba hiyo hupungua upesi zaidi kati ya msimu mmoja mkubwa na mwingine. Kwa hiyo serikali imepanga kutafuta vyanzo vingine, likiwemo bwawa la Farkwa katika Wilaya ya Chemba.